Hivi kirusi kinaweza "kuizoea" dawa hata kama unameza kila siku bila kukosa?

kimyakimya88

Habari zenu wakuu. Mi ni msomaji tu humu siku zote, ila leo imebidi niulize maana nimetafuta majibu mpaka nimechoka.

Niko kwenye ARV mwaka wa 11 sasa. Nilianza na kile kidonge chenye efavirenzi (wenzangu wa zile ndoto za ajabu usiku mnanielewa), baadaye nikahamishiwa TLD (kile kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) na ndo natumia mpaka leo. Kipimo cha wingi wa virusi kinarudi "havionekani" kila nikipima, tangu ule mwaka wa kwanza sijawahi kupewa namba.

Sasa juzi niko kwenye foleni ya dawa, jamaa aliyekaa pembeni yangu akaanza kunipa somo kwamba dawa yoyote ukiitumia miaka mingi mdudu anaizoea, kama mbu wanavyozoea dawa ya kupuliza, kwa hiyo mtu wa miaka 10 na kitu kirusi alichonacho sio tena kile alichoambukizwa, kimeshajigeuza mara elfu na siku moja kitaamka kikiwa sugu kwa kila kitu. Yeye eti huwa "anapumzika" wiki mbili kila baada ya miezi kadhaa ili kirusi kisahau dawa. Nikamuuliza nesi, nikajibiwa "we meza dawa, maswali ya nini". Haya, nameza. Ila kichwa hakilali.

Naomba mnisaidie, hivi kirusi kinaendelea kubadilika ndani ya mtu anayemeza vizuri? Kama hakionekani kwenye damu, kipo wapi na miaka yote hiyo kinafanya nini? Na hii ya kupumzika ina ukweli wowote?

MzeeWaHoja

Jamaa yako hajakosea sana. Hata malaria iliizoea klorokwini, tuliishuhudia wenyewe. Kila kiumbe kinajifunza. Ila wiki mbili ni nyingi, mi ningesema siku tatu nne tu, ini nalo lipumue.

Babu Darubini

Mzee wa Hoja shikamoo, ila hapo nakukatalia mapema kabla mtu hajaenda kuficha kopo lake chini ya kitanda.

Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, kazi yenyewe ilikuwa kusoma vinasaba vya VVU vya watu ambao dawa zimewagomea, kwa hiyo virusi sugu nimevizoea kuliko majirani zangu. Na neno linalotuharibia hapa ni hilo "kuzoea". Kirusi hakizoei kitu. Hakina akili wala kumbukumbu, hakikai kikasema aah tenofoviri ya leo ni ileile ya jana. Kinakosea tu kikiwa kinajinakili, na mara mojamoja kosa linakifaa.

Tupige hesabu kidogo, ni nzuri hii. VVU ina herufi kama 9,700 za vinasaba. Kimeng'enya chake cha kunakili, rivasi transkriptasi, ni karani mlevi, anakosea herufi moja katika kila kama 30,000 na hana tabia ya kurudi nyuma kusahihisha. Yaani katika kila nakala tatu mpya unatarajia kosa moja. Utasema ah, kosa moja ni nini. Sasa mtu asiye kwenye dawa anatengeneza virusi kama bilioni 10 KWA SIKU, hizo hesabu zilipigwa katikati ya miaka ya 90 na ziliwashtua watu kweli maana kabla ya hapo wengi waliamini kirusi kinalala tu miaka ile ambayo mgonjwa anajisikia mzima. Na makosa yote ya herufi moja yanayowezekana kwenye kirusi kizima ni kama 29,000 tu, kila herufi kugeuka kuwa mojawapo ya zile nyingine tatu. Kwa uzalishaji wa namna ile kila kosa linalowezekana linatokea mahali fulani mwilini leo, na kesho tena, na keshokutwa.

Kwa hiyo kirusi chenye kosa la kuishinda dawa moja kinakuwemo mwilini kabla hujafungua kopo la kwanza. Hakijajifunza, kimezaliwa hivyo kwa ajali. AZT (zidovudini), dawa ya kwanza ya VVU, iliruhusiwa Marekani 1987, watu wakapewa hiyo peke yake, 1989 tayari virusi sugu vimeshaandikwa kwenye majarida. Ndo maana tangu 1996 tunapewa tatu kwa mpigo. Karani mlevi kukosea sehemu moja ni kawaida yake, ila akosee sehemu tatu zilezile zinazotakiwa, kwenye nakala moja, kwa mara moja, hiyo hata mcheza kamari haisubirii.

Sasa nakuja kwako kimyakimya. Kosa linatokea WAKATI WA KUNAKILI. Dawa zikiwepo za kutosha kirusi hakifanikiwi kuingia seli mpya na kujinakili humo, mtambo wa fotokopi umezimwa. Karatasi zilizobaki kabatini haziwezi kujiandika upya zenyewe. Kabati lenyewe ni seli za kinga, CD4 za kumbukumbu, zile zinazotunza habari za magonjwa uliyowahi kuugua, nyingi zimelala na zinaishi miaka na miaka. Kirusi kimejishona ndani ya DNA ya seli kikatulia. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti Marekani yalionyesha kwamba watu walio kwenye dawa vizuri kabisa bado wanazo. Ni chache, kama seli moja katika milioni ya hizo zilizolala ndo ina kirusi kinachoweza kuamka. Lakini zinapungua polepole mno, zinachukua kama miezi 44 kufikia nusu, na walipopiga hesabu ya kuzimaliza zote kwa njia hiyo ikaja miaka 73.

Na kuhusu kugeuka mara elfu, hili limepimwa, sio maneno ya kwenye foleni. Watafiti wa Sweden na Ujerumani walikuwa na wagonjwa 10 ambao damu yao ilihifadhiwa tangu kabla ya kuanza dawa, wakaonyesha kwanza jinsi kirusi kilivyokuwa kinasogea mwaka hadi mwaka bila dawa. Halafu wakawarudia walewale wakiwa wameshameza kati ya miaka 3 na 18, wakasoma vinasaba vya virusi vilivyojificha kwenye seli. Hakuna mwendo, matokeo yalitoka 2016. Saa imesimama siku walipoanza dawa, na sehemu kubwa ya walichokikuta kabatini kinafanana na virusi vilivyokuwa vinazunguka kwenye damu muda mfupi kabla ya dawa. Wewe wa miaka 11, kirusi chako cha leo ni picha ya mwaka ule ulioanza kumeza.

Mi mwenyewe hiyo sehemu ya mwisho ilinishangaza, ningetarajia kabati lijae virusi vya miaka yote kwa usawa. 2019 ikaja kazi nyingine Afrika Kusini, wanawake 9 waliofuatiliwa tangu walipoambukizwa, wastani wa asilimia 71 ya virusi vilivyoamshwa kutoka mafichoni vilifanana zaidi na vile vya karibu na siku ya kuanza dawa. Kwa hiyo kabla ya dawa kabati linajaa na kumwagika, linajaa na kumwagika, dawa ikiingia mlango unafungwa na kilichomo humo ndo kinabaki humo.

Haya ya mbu. Mbu wamekuwa sugu kwa sababu wanazaliana huku dawa ikiwa inapulizwa. Vimelea vya malaria na klorokwini hivyohivyo Mzee wangu. Kimyakimya, kirusi chako hakizaliani. Jamaa wa foleni ndo anayekizalisha chake.

Na kupumzika kulishajaribiwa, tena kwa heshima zote za kisayansi. Utafiti wa SMART, watu 5,472 kwenye nchi 33, nusu wakaambiwa wasimamishe dawa CD4 zikiwa juu ya 350 na warudi zikishuka chini ya 250. Januari 2006 ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wanapumzika walikuwa wanaugua na kufa zaidi. Na si kwa UKIMWI peke yake, hata moyo, figo na hilo ini la Mzee, huko nako waliopumzika ndo walipata shida zaidi.

MzeeWaHoja

Marahaba. Ya ini naifuta. Ila "hakuna mwendo" kabisa kwa miaka 18? Mbona watu wanakuwa sugu wakiwa kwenye dawa hizohizo?

Babu Darubini

Wanakuwa sugu wakiwa kwenye dawa NUSU. Hapo ndo penye utamu wa jambo lenyewe.

Fikiria kipimo cha dawa kama ukuta. Ukuta ukiwa mrefu hakuna anayeruka. Hakuna ukuta kabisa, kila mtu anapita tu, na aliye sugu hana faida, mara nyingi anachelewa maana yale makosa yake yanamfanya mzembe. Ukuta wa nusu ndo mbaya, wa kawaida anabaki, sugu anaruka, baada ya wiki chache sugu ndo amejaza uwanja. Mtu anayeruka dozi leo, kesho kameza, keshokutwa kasahau, anajenga ukuta wa nusu.

Na ukiacha ghafla dawa haziondoki mwilini pamoja. Kile kidonge cha zamani cha kimyakimya kilikuwa na matatizo hapo, efavirenzi inapungua kwa nusu baada ya saa 40 mpaka 55 hivi, wenzake wanatoka mapema, inabaki yenyewe kwenye damu siku kadhaa ikipambana peke yake. Na efavirenzi inashindwa kwa kosa MOJA tu, tunaliita K103N, herufi moja imegeuka na kidonge kizima kimekuwa peremende. Ningepewa shilingi kwa kila K103N niliyoiona ningekuwa nimestaafu. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kuishinda, njia anazo ila karibu zote zinamgharimu kirusi nguvu yake ya kuzaliana, ndo maana TLD imetutuliza wote. Ngumu lakini sio haiwezekani, hilo mlishike.

chausiku_k

Babu nisaidie na mimi hapo hapo. Mi miaka ya nyuma niliyumba, sitaki kuelezea, nilikuwa kwenye ndoa yenye vurugu na dawa nilikuwa nameza kwa kujificha, siku nyingine nashindwa. Nikapimwa usugu nikaambiwa nina M184V na hiyo K103N. Nikabadilishiwa dawa, nikatulia, miaka inakwenda namba iko chini. Halafu juzi kwenye kliniki nyingine wamenifanyia kipimo cha usugu upya wakasema hawaoni kitu. Sasa nimepona usugu? Naweza kurudia zile za mwanzo? Maana mfamasia mmoja kaniambia ndiyo na daktari kaniambia hapana.

Babu Darubini

Pole dada Chausiku, na hongera kwa kutulia.

Msikilize daktari. Wahenga walishasema mwenye kovu usidhani kapoa. Usugu ukishaingia kabatini haufutiki. Zile seli zilizolala wakati ule zilijishonea virusi vyenye M184V na K103N, na kwa kuwa sasa hivi hakuna kunakili hakuna pia cha kuviondoa, zaidi ya seli yenyewe kufa kwa wakati wake. Kipimo cha kawaida kinasoma walio wengi tu, ukiwa mchache kwenye kundi, tuseme chini ya mmoja kwa watano, hakikuoni. Kwa hiyo "hatuoni" sio "hakuna". Hivyo majibu yako yote mawili yahifadhi kama cheti cha kuzaliwa, ukihama kliniki nenda nayo, maana kliniki mpya wataangalia karatasi la juzi tu.

Ila kuna habari nzuri na hii M184V ni kituko kidogo. Inaishinda lamivudini kabisa, ila inamfanya kirusi kuwa mzito wa kunakili na papo hapo inamfanya alainike zaidi kwa tenofoviri na zidovudini. Yaani kajinunulia panga akauza ngao. Ndo maana mara nyingi utaona mtu ana M184V na bado wanamwachia lamivudini makusudi, kumbana kirusi abaki na huo uzito wake. Na kuna utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe, unaitwa NADIA, watu 464 ambao dawa za mwanzo zilikuwa zimewagomea, wakaonyesha 2021 kwamba kurudia tenofoviri pamoja na dolutegraviri kulifanya kazi vizuri hata kwa wengi ambao kwenye karatasi walikuwa na usugu wa tenofoviri. Karatasi na mwili havisemi lugha moja kila siku. Lakini hayo yanaamuliwa na mtu mwenye faili lako mkononi, sio mimi wa mtandaoni.

mwanafunzi_wa_mwisho

Samahani Babu, nasoma udaktari na hili tulibishana darasani mpaka profesa akaondoka. Umesema hakuna mwendo. Lakini mwaka huohuo 2016 ilitoka kazi kwenye jarida la Nature wakisema virusi vinaendelea kuzaliana na kubadilika kwenye tezi za limfu hata damu ikiwa safi, kwa sababu dawa hazifiki vizuri huko. Mbona hujaitaja? Au unatuchagulia?

SeliMama

Naomba nimjibu mimi maana Babu kazi yake ni kusoma herufi na mimi kazi yangu ni seli.

Ile kazi naijua na sio ya kuipuuza. Ila angalia walichukua nini. Wagonjwa 3, sampuli za miezi 6 ya kwanza ya dawa. Miezi 6 ya kwanza ndo kipindi ambacho seli zilizoambukizwa zinakufa kwa wingi, zile za muda mfupi zinatangulia, za muda mrefu zinabaki. Kwa hiyo ukipima siku ya kwanza, mwezi wa tatu na mwezi wa sita unakutana na mchanganyiko tofauti kila mara, na ukichora mti wa ukoo wa virusi unaweza kuona kama vinasogea kumbe ni watu tofauti wanabaki ukumbini baada ya wengine kwenda nyumbani. Wenzao walilisema hilo haraka sana. Halafu kuna jambo rahisi zaidi, kama kweli kungekuwa na kuzaliana huko kwenye tezi kwa dawa kiasi nusu, ukuta wa nusu aliousema Babu, basi usugu ungekuwa unachomoza kwa watu wanaomeza vizuri baada ya miaka 5, 10, 15. Hauchomozi. Kwangu hilo lina uzito kuliko miti yote ya ukoo. Wapo bado wanaoshikilia upande ule, na dawa kufika kwenye tezi kwa viwango vya chini hilo limepimwa kweli, ila kama unaniuliza mimi kesi imeshaelemea upande mmoja.

Lakini nami nina ugomvi na Babu. Kusema saa imesimama kunawafanya watu wafikirie kabati lenye vumbi ambalo hakuna kinachotikisika. Si kweli. HERUFI za kirusi hazibadiliki, ila KUNDI linabadilika sana.

Hizi ni seli za kumbukumbu. Kazi yake ikikutana na ule ugonjwa inaoukumbuka ni kuzaana, moja kuwa elfu, elfu kuwa mamilioni. Sasa kama ndani yake kuna kirusi kimeshonwa basi kila mtoto anazaliwa nacho. Na hapa kinachonakili sio yule karani mlevi, ni mashine ya seli yenyewe inayosahihisha kazi yake na inakosea mara chache kupita kiasi. Nakala inatoka safi, herufi kwa herufi. Na hakuna ARV inayozuia hilo, maana kwa mtazamo wa dawa hakuna kirusi kilichozaliwa, ni seli yako tu imegawanyika. Mwaka 2014 kazi mbili zilionyesha kwa kuangalia ni wapi hasa kwenye DNA ya binadamu kirusi kimejishona, unakuta seli nyingi zina kirusi mahali palepale hasa, jambo ambalo haliwezekani kwa bahati, lazima ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mtu wa miaka 11 kama kimyakimya sehemu kubwa ya kabati lake pengine ni koo chache kubwa.

Na koo hizo zinachujwa. Kwanza mjue virusi vingi mno vilivyoshonwa ni vibovu, zaidi ya asilimia 90, vimekatika vipande au vimeharibiwa na kinga za seli yenyewe zinazogeuza herufi ovyo, haviwezi kutoa kirusi kizima hata viamke. Vile vizima vichache kadiri miaka inavyokwenda zile seli ambazo kirusi kimekaa mahali penye kelele, kwenye jini inayofanya kazi, kinga inaziona na kuziondoa polepole. Zinazobaki ni zile ambazo kirusi kiliangukia kwenye jangwa la DNA, mahali palipofungwa, hakuna kinachosomwa. Hilo nalo ni uchujaji wa asili jamani! Ila anayechujwa ni seli, na anayechuja ni kinga yako, dawa haihusiki.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna mageuzi ndani ya mtu aliyemeza miaka 20 nitasema yapo, ila sio ya herufi na hayaendi kwenye usugu.

Babu Darubini

Nakubali, nilirahisisha mno. Na ile hesabu yangu ya miaka 73 nayo irekebishwe basi, maana 2023 walipima waliokaa kwenye dawa zaidi ya miaka 20 wakakuta kile kiasi cha virusi vinavyoweza kuamka hakishuki tena, na dalili ni kwamba kinapanda kidogokidogo. Kwa sababu hiyohiyo ya SeliMama, koo zinazaana kuliko zinavyokufa.

nimechoka_kushukiwa

SeliMama ngoja kwanza. Umesema koo. Mi nina wingi wa virusi 120, 180, 140, miaka miwili sasa haiendi sifuri haipandi. Nameza kila siku saa tatu usiku na mke wangu ni shahidi. Kila nikienda kliniki naambiwa "sema ukweli unaruka dozi". Nimeshalia mpaka basi. Inaweza kuwa ni hizo koo?

SeliMama

Inaweza. Na pole sana kwa kushukiwa, hilo linaumiza kuliko hata hiyo namba.

Mwaka 2020 ilitoka kazi ya watu kama wewe hasa, wanameza, namba ndogo haiondoki. Walipovisoma virusi vilivyokuwa kwenye damu vikawa vinafanana herufi kwa herufi, dalili kwamba vinatoka kwenye ukoo mkubwa wa seli. Ukoo ukiwa mkubwa vya kutosha, baadhi ya seli zake kila siku zinaamka na kutoa virusi kidogo, vinaingia kwenye damu, kipimo kinavihesabu. Vinaweza hata kuwa vizima. Ila haviambukizi seli mpya maana dawa ipo, na havikuwa na usugu mpya. Kubadilisha dawa hakusaidii hapo, hata ukiongezewa ya nne na ya tano, kwa sababu ARV zinazuia kirusi kuambukiza seli mpya na kwako tatizo ni seli za zamani zinazotema.

Kabla hujafika huko lakini, jibu hili kwa ukweli na sikushuku: unatumia vidonge vya madini ya chuma, vya chokaa, au zile dawa za kiungulia zenye magineziamu na alumini? Ukimeza pamoja na dolutegraviri vinaishika tumboni, sehemu yake inapita bila kuingia kwenye damu. Inatakiwa dolutegraviri itangulie saa 2 au ifuate saa 6 baada yake. Watu wengi hawajaambiwa hili na wanabebeshwa lawama ya kuruka dozi ambazo hawajaruka.

nimechoka_kushukiwa

Dawa ya kiungulia. Kila usiku baada ya kula. Saa tatu kasoro. Mungu wangu.

SeliMama

Haya, anza na hapo. Ongea na kliniki, tenganisha, upime tena baada ya miezi mitatu. Na ikibaki vilevile tena ndo uwaambie wakufanyie kipimo cha usugu, kikitoka safi utakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

kimyakimya88

Wakuu sina la kusema, nimesoma mara mbili. Kumbe miaka yote hii nilikuwa naogopa kitu kinachojigeuza gizani kumbe kimekaa kilekile, na kama kuna kinachohangaika ni seli zangu mwenyewe.

Swali la mwisho, sio langu. Yule jamaa wa foleni. Hizo wiki mbili zake, kirusi kinarudi kweli ndani ya wiki mbili? Maana yeye anajisifu kwamba akipimwa bado yuko chini.

Babu Darubini

Wengi wakiacha kinarudi kuonekana kwenye damu kati ya wiki 2 na 4. Kwa hiyo anacheza kwenye ukingo haswa, mara nyingine anawahi kurudi mara nyingine anachelewa, na akipimwa mwezi mmoja baada ya kurudia dawa namba imeshashuka, anaona mambo safi. Kila anapochelewa karani mlevi anafunguliwa ofisi siku kadhaa, na kinachoandikwa siku hizo kinaingia kabatini na hakitoki, kama nilivyomwambia dada Chausiku.

Mwambie akapime wingi wa virusi, na awaambie ukweli kuhusu hizo mapumziko. Hili la kusema ukweli lina sababu ya kiufundi, sio maadili. Wakija kumfanyia kipimo cha usugu akiwa ameacha dawa wiki nyingi, virusi vya kawaida vinakuwa vimeshawapita mbio vile sugu maana hakuna ukuta, sugu wanabaki wachache nyuma, kipimo hakiwaoni, karatasi inatoka safi. Anapewa dawa zilezile. Nimeshatoa majibu ya namna hiyo mwenyewe, nikaja kuyakuta mezani miezi sita baadaye na M184V imejaa pale. Kipimo hicho kifanyike akiwa bado anameza, au angalau ndani ya wiki nne tangu aache.

kimyakimya88

Sawa Babu. Tarehe yangu ya dawa ni Alhamisi, na yeye huwa anawahi foleni kuliko wote. Nitakaa pembeni yake.